Kadi, Plamu na Barua: Kisa cha Daddy-Long-Legs ya 1919

Ukipewa riwaya ambayo karibu yote ni barua za msichana mmoja, zinazokwenda kwa mtu asiyejibu, halafu ukaambiwa uitoe kwenye filamu isiyo na sauti, utaanzia wapi? Swali hilo lilimfika Mary Pickford, nyota mkubwa wa sinema za Marekani za wakati wake, alipoichukua Daddy-Long-Legs ya Jean Webster. Filamu ilitoka Mei 1919. Ina urefu wa karibu saa moja na nusu, na kwa kuwa hakimiliki yake Marekani ilishaisha, mwenye bando la kutosha anaweza kuitazama mtandaoni leo jioni.

Nimeitazama zaidi ya mara moja, kitabu kikiwa pembeni. Walioitengeneza hawakuzigusa sana barua. Walirudi nyuma, kwenye sura moja fupi inayozitangulia, wakaitanua mpaka ikawa karibu nusu ya filamu nzima. Uamuzi huo ndio ninaotaka kuuchambua, maana ndio uliowapa vicheko vyao bora na ndio uliowaachia kiporo kigumu baada ya hapo.

Kwanza kitabu. Webster alizaliwa 1876 huko Fredonia, jimbo la New York. Mama yake alikuwa mpwa wa Mark Twain, na baba yake alikuwa mchapishaji wa Twain mpaka wakakorofishana, kwa hiyo tuseme ucheshi wa maandishi aliukuta nyumbani. Alisoma Vassar, chuo cha wanawake, akamaliza 1901. Akiwa masomoni alitembelea vituo vya kulelea watoto maskini na watukutu, na alichokiona huko hakikumtoka. Riwaya ilichapishwa 1912.

Inaanza Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo wadhamini wa kituo cha yatima cha John Grier wanakuja kukagua. Yatima 97 wanatakiwa waogeshwe, wachanwe nywele na wapengwe kamasi, na kazi inamwangukia mkubwa wao, Jerusha Abbott. Jina lake lenyewe ni la kuokoteza: Abbott limetoka ukurasa wa kwanza wa kitabu cha simu, Jerusha limetoka kwenye jiwe la kaburi. Jioni wageni wakiondoka, anamwona mmoja wao kwa nyuma akielekea mlangoni. Taa za gari linalomfuata zinampiga, na kivuli chake kinajichora ukutani, miguu na mikono imerefuka mpaka anafanana na yule mdudu mwenye miguu myembamba kama nyuzi, ambaye watoto wa Marekani humwita Daddy-Long-Legs.

Dakika chache baadaye matroni, Bibi Lippett, anamwambia kwamba mtu yule yule amesoma insha yake ya kuchekesha kuhusu hizo Jumatano, na amejitolea kumsomesha chuo ili awe mwandishi. Masharti yapo. Mfadhili hataki jina lake lijulikane, ataitwa John Smith. Hataki kushukuriwa kwa pesa. Anataka barua moja kila mwezi, kama ile ambayo Jerusha angewaandikia wazazi wake wangekuwa hai, na barua hizo hazitajibiwa.

Hapo sura inaisha, kurasa chache tu. Kuanzia hapo hadi mwisho ni barua, pamoja na vichoro alivyovichora Webster mwenyewe kana kwamba ni vya Judy, jina ambalo msichana huyo anajipa akifika chuoni.

Wengi wetu tumesoma na watoto waliokuwa na mfadhili Ulaya au Marekani. Shuleni kwetu walikuwa wakiitwa pembeni mara mbili tatu kwa mwaka, wanagawiwa karatasi, na mwalimu anawaandikia mfano ubaoni: Mpendwa mfadhili, mimi sijambo, ninasoma kwa bidii, ninakuombea kwa Mungu. Chini yake unachora kitu, mwembe au nyumba au mbuzi. Rafiki yangu mmoja alichora gari moshi ambalo hakuwahi kuliona, kwa sababu mbuzi alishamchora mwaka uliotangulia. Ucheshi wa Webster unaanzia pale pale. Judy amepewa amri ya kuandika barua ya namna ile, naye haiandiki kwa unyenyekevu unaotarajiwa. Analalamika kwamba kumwandikia mtu anayeitwa Smith ni sawa na kuiandikia nguzo ya kamba ya nguo. Anaorodhesha anayoyajua kuhusu mfadhili wake, na ni mambo matatu tu: ni mrefu, ni tajiri, hawapendi wasichana.

Tazama sasa vichekesho vyenyewe vimekaaje. Wiki za mwanzo chuoni, wenzake wanamtaja Michelangelo, na Judy, ambaye hajawahi kumsikia, anadhani ni malaika mkuu. Bahati nzuri kichekesho hiki kinavuka hadi kwa Kiswahili bila kuumia, maana hata sisi tukisikia Mikaeli tunaona mabawa. Lakini kinavuka kama maneno. Hakuna cha kupiga picha pale zaidi ya msichana aliyekosea na wenzake wanaocheka.

Au chukua habari ya nguo. Kituoni walivishwa nguo za msaada, na Judy anasimulia uchungu wa kukaa darasani umevaa gauni lililokuwa la msichana aliye dawati la jirani, naye anawanong'oneza wengine na kukuonyesha kidole. Sisi tuliovaa mitumba tuna nafuu yetu: mwenye shati yuko ng'ambo, hatakutana nalo sokoni. Judy alikaa bega kwa bega na mwenyewe.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha biskuti. Anakumbuka kwamba siku moja kituoni, akiwa na miaka 9 na njaa tele, aliachwa peke yake kwenye stoo ya chakula, karibu na mtungi wa biskuti. Akaiba, akachapwa, akatoroka. Alifika maili nne tu wakamkamata, na kwa wiki nzima akafungwa kwenye kigingi uani kama mbwa mtukutu wakati wenzake wakicheza. Anaiandika kwa mistari michache, kwa sauti ya mtu anayesimulia kioja. Msomaji anacheka, kisha anagundua alichokuwa anakichekea. Kucheka na kushtuka vimebanwa ndani ya sentensi mbili, na kinachovibana ni kalamu ya Judy.

Sasa ondoa kalamu. Sinema ya 1919 ilikuwa na kadi za maandishi zinazokatiza picha, watazamaji wakisoma huku mpiga piano akiendelea chini ya pazia. Kadi moja fupi hubeba mzaha mmoja. Kadi ishirini mfululizo ni kitabu kilichobandikwa ukutani, tena kinachosomwa kwa kasi ya mtu mwingine. Barua za Judy zingeliwa na kadi.

Hivyo mwandishi wa muswada, Agnes Christine Johnston, na mwongozaji, Marshall Neilan, hawakuanzia kwenye barua, na hata Jumatano ya wadhamini hawakuanza nayo. Filamu inaanza na polisi anayekuta kichanga kwenye pipa la taka. Halafu mtoto anapewa lile jina la kitabu cha simu na kaburi, anakua, na kwa muda mrefu tunabaki kituoni pamoja naye. Utoto ambao Webster aliudokeza tu kwa mbali, filamu imeufanya kuwa matukio kamili.

Linalokumbukwa zaidi ni mgomo wa plamu. Kitabuni plamu zinapita kama upepo: sura ya kwanza inataja pudini ya plamu kavu kwenye chakula cha jioni cha watoto wadogo, basi. Filamu imelidaka neno hilo. Watoto wanalishwa plamu kavu kila mlo, siku nenda siku rudi, mpaka Judy anawaongoza kugoma. Aliyepita shule ya bweni hapa kwetu haihitaji kadi ya kumfafanulia. Anaijua ile meza ndefu, anaujua ule ukimya kabla ya mtu wa kwanza kuisukuma sahani yake, na anajua kwamba mgomo wa maharage haukuwa wa maharage peke yake. Ndiyo maana tukio hili limedumu. Chakula kinaonekana, sura iliyochoka na chakula inaonekana, na matroni aliyefura kwa hasira anaonekana kutoka kiti cha mwisho cha ukumbi.

Inafuata adhabu, na katika njaa yao Judy na mvulana mmoja, mwenye uso wa madoadoa wa Wesley Barry, wanaangukia mtungi wa kileo na kuunywa. Watoto wawili wamelewa chakari, magoti yanawasaliti, na mwigizaji anakunja mwili kama kitambaa kilicholoa. Kitabuni hakuna kitu cha namna hii. Ukiweka tarehe kando yake linapata ladha nyingine: Januari 1919 Marekani ilikuwa imekamilisha kuridhia marekebisho ya katiba ya kupiga marufuku pombe, na marufuku ilikuwa ianze mwaka uliofuata. Watazamaji wa Mei ile walikuwa wanamwangalia yatima akinywa kitu ambacho wao wenyewe walikuwa wanahesabu miezi ya kukiaga.

Kisha, bila kuvuta pumzi, filamu inageuka. Kuna mtoto kituoni anayekufa, na Judy anamwibia mwanasesere wa msichana mmoja wa kitajiri, mchoyo, ili mgonjwa akae naye kidogo. Sina hakika kama ninalipenda tukio hili. Linakamua machozi kwa mikono miwili. Lakini naona linakokwenda: ni biskuti za Webster zilizopasuliwa vipande viwili. Alichokibana yeye ndani ya sentensi mbili, filamu inakiweka kwa zamu, kwanza ucheke, sasa ulie. Picha peke yake ni ngumu kuifanya icheke na kuumia kwa pamoja, labda uwe na Chaplin.

Kulikuwa pia na sababu ya kibiashara. Pickford alikuwa na miaka 27, na watazamaji walimtaka akiwa mtoto. Neilan alishamwongoza 1917 kwenye filamu mbili za namna hiyo, Rebecca of Sunnybrook Farm na A Little Princess, na walijua kinachojaza kumbi. Kufuata kitabu kwa uaminifu kungewapa msichana wa chuo tangu dakika ya kumi. Kukaa kituoni kuliwapa Pickford mdogo, mwenye hasira na miguu ya mbio. Tena safari hii pesa ilikuwa yake. Alikuwa ameachana na studio iliyomkuza, hii ikawa filamu ya kwanza aliyoitengeneza chini ya kampuni yake mwenyewe, ikisambazwa na First National, na Februari ya mwaka huo huo alikuwa ameanzisha United Artists pamoja na Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith. Mtu wa namna hiyo hachezi kamari na mashabiki wake kwenye jaribio la kwanza.

Kuna jambo dogo hapa linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Judy analalamikia jina la Smith kwa kukosa uhai. Pickford alizaliwa Toronto akiitwa Gladys Smith. Jina la Mary Pickford alilipata alipoingia kwenye tamthilia za David Belasco huko Broadway. Na kwa kuwa baba yake alikufa yeye akiwa mdogo na akaanza kuigiza jukwaani kulisha familia, huo utoto wa kukimbizana uani aliuchezea zaidi kwenye kamera kuliko alivyouishi.

Nusu ya pili ni habari nyingine. Kivuli kinaonekana ukutani, na hapo filamu iko sawasawa na kitabu, pengine kukizidi, kwa sababu kivuli kirefu ukutani ni mali ya sinema tangu mwanzo. Webster alikielezea, mpiga picha Charles Rosher alikuwa na taa. Lakini Judy akishafika chuoni, mwendo unapungua. Sasa kuna wanaume wawili wanaompenda: Jervis Pendleton, mkubwa kwake kwa umri, anayechezwa na Mahlon Hamilton, na Jimmie McBride, kaka wa rafiki yake, anayechezwa na Neilan mwenyewe, mwongozaji akiwa ameingia mbele ya kamera yake. Kuna matembezi, kuna wivu. Vyote vinatazamika, na vyote ungeweza kuvikuta kwenye filamu nyingine kumi za mwaka ule. Yule msichana aliyeandika kuhusu nguzo ya kamba ya nguo hayupo. Tunaambiwa kwamba ameandika kitabu na kimeuzwa, lakini uandishi wake hatuusikii.

Nikifika hapa huwa nawafikiria kina Lufufu na DJ Afro, wale waliosimama juu ya filamu za watu kwenye vibanda umiza wakazisimulia upya kwa Kiswahili, wakiongeza chumvi na majina ya mitaa. Wajapani walikuwa na wasimulizi wao kwenye enzi ya sinema bubu, wanaitwa benshi, na watu walilipa kiingilio kuwasikia wao kuliko kumwona nyota. Nusu ya pili ya Daddy-Long-Legs inamwomba mtu wa aina hiyo: asimame kando ya turubai, asome barua kwa sauti ya Judy wakati Pickford anapita na vitabu vyake.

Hasara nyingine si ya vicheko. Kitabuni Jervis na John Smith ni mtu mmoja, na Judy hajui. Anamwandikia Smith kuhusu Jervis, kumbe anamwambia Jervis kuhusu Jervis. Mbaya zaidi, akitaka kwenda likizo kwa kina McBride, ambako Jimmie yupo, inakuja barua fupi ya katibu: Bwana Smith anapendelea uende shambani Lock Willow. Baadaye anayemtembelea hapo shambani ni Jervis. Tuliite jambo hilo kwa jina lake: mfadhili anatumia ufadhili kumwondoa mshindani. Webster anaupaka utamu, lakini anamwachia Judy meno. Judy anakasirika, anaandika kwamba amri kavu namna ile inaumiza, na baadaye anaanza kukataa pesa na kutafuta zake. Kitabu chake kikiuzwa anatuma hundi ya dola 1,000 kupunguza deni ambalo hakuna aliyemdai.

Nguvu ya mvutano huo inatokana na kwamba sisi wasomaji tumefungiwa ndani ya bahasha. Tunajua anachojua Judy, pengine na shaka kidogo juu yake. Kamera haina bahasha. Ikishamwonyesha mwanamume mrefu, tajiri, anayemtazama Judy kwa macho yale, mtazamaji ameshajibu kitendawili, na kinachobaki ni kumsubiri Judy afike. Mbinu ya kuficha inakuwa mapenzi ya kawaida yenye kuchelewa.

Matoleo yaliyofuata yalirithi tatizo hilo, na sauti haikuwasaidia kama ungetegemea. La 1931 lilikuwa na Janet Gaynor. La 1955 likawa la muziki, Fred Astaire akiwa na miaka 55 na Leslie Caron 23, na pengo la umri lililoweza kufichika kwenye karatasi likawa linacheza dansi mbele yako. Katika kuhamisha barua, naona Wajapani ndio waliokuwa na nafasi ya kutosha, kwenye katuni yao ya televisheni ya 1990, kwa sababu ya wingi wa vipindi. Barua inaweza kusomwa polepole wakati theluji inaanguka na hakuna anayeangalia saa.

Webster hakuiona filamu ya Pickford. Aliiandikia riwaya yake tamthilia, ikachezwa New York 1914, kisha akafariki Juni 1916 baada ya kujifungua binti, akiwa na miaka 39.

Mwisho wa vyote viwili ni Judy anakwenda New York kukutana na Smith na kumkuta Jervis. Kitabuni hatuambatani naye. Anakwenda, mlango unafungwa, na sisi tunabaki nje mpaka asubuhi ya pili yake, anapokaa na kuandika jinsi alivyoingia chumbani na kumwona mtu aliyetoka kuugua, kwenye kiti kikubwa karibu na moto. Maneno ya Jervis yanatufikia kwa mkono wa Judy, kama kila kitu kingine. Filamu haikuwa na haja ya kusubiri asubuhi. Inaingia naye mlangoni, inatuonyesha kiti, inatuonyesha yule aliyekalia kiti, na hapo kwa mara ya kwanza tunaliona tukio ambalo Judy hakupata nafasi ya kulisimulia mwenyewe. Kitabuni anaongeza chini ya sahihi yake kwamba hiyo ndiyo barua yake ya kwanza ya mapenzi, na anashangaa kwamba anajua namna ya kuiandika.